Bolti Mbili Ndani ya Mipira ya Hita

Kwanza mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande, na najua kuna maneno nitayakosea, maana niliishia darasa la saba na tangu hapo kuandika kwangu kulikuwa ni kuandika majina ya vipuri kwenye vipande vya boksi. Barua hii imenichukua wiki tatu. Naandika mistari mitano, napumzika, naisoma, nafuta miwili. Mkiona doa la mafuta kwenye ukurasa msidhani nimerudi kazini. Daftari lenyewe nilitoka nalo gereji.

Ninyi vijana wa Runzewe mliniomba siku mliponiaga niwaandikie ninavyojua kuhusu koki za hita za magari ya zamani, kwa kuwa siku hizi mnaletewa magari hayo na hamna wa kumuuliza. Nitaandika. Lakini nimeona siwezi kuwaandikia koki peke yake nikaacha jambo la gari la zahanati, kwa sababu yote ninayojua kuhusu koki, nusu nilifundishwa na fundi wangu na nusu nilifundishwa na gari lile.

Kwa asiye fundi niseme hivi. Gari lina hita, kile kijisanduku chini ya dashibodi kinachopuliza hewa ya moto. Moto wake hautoki kwenye umeme, unatoka kwenye maji yaliyochemshwa na injini. Maji yanaingia kwa mpira mmoja, yanatoka kwa mpira mwingine, na katikati kuna koki ndogo ya shaba nyeupe au njano ya kuyaruhusu au kuyazuia. Ukivuta kishikio ndani ya gari, waya unaivuta koki. Ni hicho tu. Kitu cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Na kila mtu wa huku kwetu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, atakuuliza swali lile lile: hita ya nini kwenye jua hili?

Mimi nilizaliwa upande wa Ushetu, nyumbani tukilima tumbaku. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulinda moto wa bani, nyumba ile ya kukaushia majani. Unaweka kiganja ukutani na unajua kama moto umezidi au umepungua. Nilikuwa mtu wa aibu kupita kiasi. Wageni wakija nyumbani nilikuwa nakimbilia banini, na kwa kuwa kule kulikuwa na kazi, hakuna aliyeniuliza. Nilipofika umri wa miaka kumi na tisa mjomba wangu alinipeleka Kahama kwa Fundi Mrisho, mtu wa Tabora aliyekuwa na gereji nyuma ya stendi. Mjomba alizungumza yote yeye. Fundi Mrisho akaniuliza, "Na wewe unasemaje?" Nikageuka nikayatazama magari. Akanyanyua boneti ya gari lililokuwa limetoka safari, akasema, "Basi gusa."

Nikagusa. Nikaweka kiganja juu ya mipira yote, mmoja baada ya mwingine, kama nilivyokuwa nikigusa ukuta wa bani. Nilipofika kwenye mipira miwili midogo ya hita nikasimama. Mmoja ulikuwa wa moto, mwingine wa baridi.

"Huu haufanani na mwenzake," nikasema. Ndiyo sentensi yangu ya kwanza kazini.

"Koki imefungwa," akasema. "Ikiwa wazi, mipira yote miwili inakuwa ya moto. Umeingia." Mjomba akaondoka bila kupewa hata maji ya kunywa.

Fundi Mrisho alikuwa mfupi, mwenye vidole vinene vilivyoweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Hakuwa na subira na watu lakini alikuwa na subira na chuma. Alinifundisha koki za aina mbili. Ya kwanza ni ile yenye kipira cha duara ndani, kinachopanda na kushuka. Hiyo hufa kwa sababu mpira umechoka. Unaifungua, unakata mpira mpya. Ukikata kwenye tyubu ya baiskeli utavimba na kulegea kabla mwezi haujaisha. Kata kwenye tyubu ya lori, ile nyeusi nzito, na utoboe tundu la katikati kwa kitu cha moto, usitoboe kwa kisu, kwa sababu kisu huacha mkato na mkato huendelea. Usipake glisi ya kawaida, itaula mpira. Paka ile ya breki, kidogo tu.

Aina ya pili ina kizibo cha shaba kilichochongoka, kinachozunguka ndani ya tundu lake. Hiyo hufa kwa sababu ya maji yetu. Maji ya visima vya Shinyanga huacha ukoko mweupe kila mahali, utadhani unga wa muhogo umegandia. Usiukwangue kwa bisibisi. Iloweke kwenye maji ya ndimu usiku kucha. Halafu kizibo kikiwa na mikwaruzo, kizungushe ndani ya tundu lake kwa dawa ya meno, taratibu, mpaka kiache kusema. Watu hutumia unga wa kusagia valvu za injini. Unga ule ni wa chuma, unaitafuna shaba, na baada ya hapo una koki ya kufungia kuku.

La mwisho kabla sijaendelea: shaba ya zamani imechoka. Ukikaza nati, simama pale inaposhika. Usiongeze ile robo mzunguko ya kujiridhisha. Nitairudia robo hiyo huko mbele.

Magari mengi yaliyokuja kwetu yalikuwa yamekatwa hita na mafundi wengine, na sisi wenyewe tulikata mengi. Lakini Fundi Mrisho alikuwa na sheria yake. "Ukikata hita, unga. Usizibe." Maana yake uchukue ule mpira wa kwenda na ule wa kurudi uiunganishe kwa kipande cha bomba, maji yaendelee kuzunguka. Nilimuuliza kwa nini, akasema zipo injini ambazo njia ya hita ndiyo njia pekee ya maji kuzunguka wakati thamostati, kile kizuizi kinachofunguka maji yakishapata moto, bado imefunga. Ukiziba, maji yanasimama kwenye hedi, kile kichwa cha injini, yanageuka mvuke, na rejeta haina habari. Nilikariri. Kukariri nilikuwa najua.

Nikumbuke na la kuchekesha. Mzee mmoja mnunuzi wa pamba kutoka upande wa Shinyanga aliingia gereji na gari kubwa la zamani, saluni nyeusi, taulo begani, jasho linamtoka.

"Shikamoo mzee," tukamwambia.

"Marahaba. Nataka mniwekee kiyoyozi. Gari hili linanipika."

"Linakupika tangu lini?" Fundi Mrisho akauliza.

"Tangu nilinunue. Mwaka wa nne huu. Nilijua ndivyo yalivyo, gari kubwa na joto kubwa."

Fundi Mrisho akaingiza mkono chini ya boneti. Waya wa koki ulikuwa umekatika, koki imebaki wazi. Akaisukuma kwa kidole kimoja ikafunga. "Mzee, miaka minne umesafiri na jiko."

Yule mzee akakaa ndani, akasubiri, akasikia hewa. Akatoka polepole. "Na taulo hili sasa?"

"Ukaogee."

Hakucheka wala hakukasirika. Alikwenda kukaa kwenye benchi, na nadhani alikuwa anahesabu safari zote za miaka minne.

Baada ya miaka tisa nilitoka kwa Fundi Mrisho, nikafungua banda langu Runzewe. Kazi zilikuwepo. Wachimbaji wadogo walikuwa wakinunua magari makuukuu ili watoe injini za kuzungushia makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na mimi niliyaokoa niliyoweza. Niliweka mtu wa kupokea wateja, mimi nikabaki chini ya magari. Nilikuwa nimepanga maisha yangu vizuri, nisizungumze na mtu yeyote ambaye hajalala chali kando yangu akishika tochi.

Zahanati moja ya uzazi nje ya mji ilikuwa na gari, stesheni wageni ya zamani sana, ya rangi ya maziwa, iliyofika hapo kabla ya wote waliokuwepo. Ilikuwa ikiwafuata akina mama vijijini na kuwarudisha. Aliyeongoza zahanati ni Mama Neema, muuguzi mstaafu wa serikali, mwanamke mrefu aliyezungumza taratibu na hakurudia. Dereva wake alikuwa Baba Kulwa, Msumbwa, baba wa mapacha, mtu wa maneno tangu anapozima gari mpaka anapoliwasha tena. Aliniita Ngosha, kama wanavyotuita sisi Wasukuma, na alipenda kunitania.

"Mwangaluka, Ngosha! Leo umesema maneno mangapi? Mke wako anakujua sauti?"

Nilikuwa nacheka tu. Nilimpenda. Mtu mwenye maneno mengi anampunguzia mzigo asiye nayo.

Siku hiyo Mama Neema alikuja mwenyewe. Koki ya hita ilikuwa inavuja maji ya moto kwenye miguu ya abiria wa mbele, na abiria wa mbele mara nyingi alikuwa mama mjamzito. Akakaa kwenye benchi akisubiri, karatasi ya dawa za kununua mkononi. Nikaitoa koki, nikaisafisha, nikaweka kipira kipya. Kazi nzuri kabisa. Nikairudisha mahali pake, nikakaza nati mpaka ikashika. Halafu nikaongeza ile robo.

Ililia kama kijiti kikavu. Ufa ukatoka kwenye nati mpaka mdomoni mwa koki.

Hakukuwa na koki nyingine kama hiyo Runzewe wala Kahama, na nilijua. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea hatua nane mpaka kwenye benchi nikasema, "Mama, nimevunja koki yako." Niliziangalia hatua hizo nane. Halafu nikatafuta bolti mbili namba kumi na tatu, nikaingiza moja kwenye kila mpira, upande wa kwenye injini, nikakaza klipu juu yake. Ile koki iliyopasuka nikairudisha mahali pake na mipira yake. Ukitazama kwa macho, kila kitu kipo. Ningeunga kwa bomba, bomba lingeonekana, na ningeulizwa.

"Tayari, fundi?" akauliza kutoka kwenye benchi.

"Tayari, mama."

Nilijiambia ni kwa siku chache, mpaka nitakapopata koki. Wiki ya kwanza niliulizia kwa watu wawili. Wiki ya pili kwa mmoja. Wiki ya tatu nilikuwa nimeacha kuulizia, nikawa najiambia hakuna mtu atakayewasha hita Runzewe.

Jumatatu ya wiki ya nne gari lilikufa njiani, kwenye mlima wa kwenda Masumbwe, bila abiria, namshukuru Mungu. Lilivutwa na trekta mpaka zahanati. Mama Neema akatuma niitwe. Nilipofika boneti ilikuwa wazi, Baba Kulwa amesimama pembeni, hana utani. Nikachomoa kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili, gasketi ya hedi imekufa.

"Ngosha, waambie," akasema Baba Kulwa. "Rejeta imejaa. Niliijaza asubuhi kwa mkono wangu. Na lilipochemsha niliigusa rejeta, ya baridi! Uliona wapi injini inaungua rejeta ya baridi?"

"Umeijaza baada ya kuliunguza," Mama Neema akasema. "Nimekaa na madereva miaka mingi, Baba Kulwa. Mchezo huo naujua." Akanigeukia. "Fundi, wewe huna maneno mengi, nitakuamini. Injini inaweza kuungua hivi wakati maji yamo?"

Nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu aliposema rejeta ya baridi. Maji yalisimama kwenye hedi kwa wiki tatu, kila alipowasha, kwa sababu ya bolti zangu.

"Kwa kawaida," nikasema, "haiwezi."

Hilo "kwa kawaida" nililiweka kama mtu anayeacha mlango wazi kidogo ili apate pa kutokea. Hakuna aliyeliona. Mama Neema alimwambia Baba Kulwa Ijumaa alete funguo na koti lake la kazi, likiwa limefuliwa. Baba Kulwa aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi.

Jumatano nilifungua hedi, nikaitia kwenye gunia, nikapanda basi kwenda Kahama, ikachongwe kwa mtu wa mashine aliyekuwa gereji moja na Fundi Mrisho. Hedi ilikuwa imepinda. Fundi Mrisho akaigeuza juani, akapitisha kidole.

"Hii imekaukia juu wakati chini kuna maji," akasema. "Hita ya gari hili iko wapi?"

"Imezibwa."

"Nani kaiziba?"

Nikaanza kulikunja gunia.

"Nimekuuliza jina. Sijakuuliza kwa Kizungu."

"Mimi."

Akaendelea kuiangalia hedi. "Mwenye gari anajua?"

"Hapana. Wanamfukuza dereva. Ijumaa."

Akaifunga hedi ndani ya gunia, akalikaza fundo, akanirudishia mikononi. "Haichongwi leo. Ikichongwa leo utaifunga, gari litawaka, utajiona umelipa, na mwenzako ataondoka huku anasikia gari linanguruma vizuri. Kaseme kwanza. Ukishasema, ilete."

"Fundi, siwezi kuzungumza mbele za watu. Unanijua."

"Nakujua. Wewe unaogopa watu, huogopi chuma, nami nilikuona hivyo hivyo nikakuchukua, nikadhani vitalingana vyenyewe. Nilikosea. Nenda."

Hedi ile nzito ilisafiri kwenda Kahama na kurudi Runzewe bila kuguswa na mashine. Abiria mmoja aliniuliza kama ni jiwe la dhahabu. Nikasema ndiyo, ili aniache.

Ijumaa asubuhi nilifika zahanati kabla ya wagonjwa. Baba Kulwa alikuwa amekwisha kufika, koti limefuliwa na kupigwa pasi, amelikunja mkononi, funguo juu yake. Mama Neema akatoka. Nikawaamkia. Halafu nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Basi nikafanya kile ninachokijua. Nikachukua bisibisi, nikalegeza klipu ya mpira wa kwanza, nikauvuta, nikachomoa bolti kwa koleo. Nikaiweka juu ya bodi ya gari, mbele yao. Nikaenda wa pili, nikaiweka kando ya mwenzake.

"Hizi ni zangu," nikasema.

"Zako vipi?" Mama Neema akauliza.

Nikaeleza. Nilianza na robo ya nati, nikaenda kwenye ufa, nikaenda kwenye hatua nane, nikaeleza maji yanavyozunguka na yanavyosimama. Nilizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuzungumza tangu nizaliwe, na nilikuwa naziangalia bolti muda wote.

"Jumatatu nilikuuliza," Mama Neema akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ukasema kwa kawaida."

"Ndiyo, mama."

"Na hili si la kawaida."

"Si la kawaida, mama."

Baba Kulwa akachukua bolti moja, akaigeuzageuza. "Namba ngapi hii?"

"Kumi na tatu."

"Nilikuwa nafukuzwa kazi na bolti namba kumi na tatu." Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha utani. "Mke wangu ameshaanza kusema turudi kulima tumbaku. Tumbaku inanikohoza, Ngosha. Siku nne nimekohoa hata kabla sijalima."

"Nisamehe, Baba Kulwa."

"Nitakusamehe. Si leo."

Mama Neema akachukua funguo juu ya koti, akazishika kidogo, akazirudisha mkononi mwa Baba Kulwa. "Vaa koti lako. Nilikuita mwongo na hukuwa mwongo. Nisamehe na mimi." Halafu akanigeukia. "Wewe utalitengeneza gari. Na mpaka litembee, muuguzi wangu akihitajika kijijini utampeleka wewe, kwa namna yako. Mimi sina gari. Umelilaza wewe."

Basi kwa siku kumi na moja nilikuwa dereva wa pikipiki ya kuazima. Mchana natengeneza, nikiitwa namchukua muuguzi na begi lake, tunakwenda Ushirombo, tunakwenda vijiji ambavyo sikuwahi kuvisikia. Baba Kulwa alinichorea njia ardhini kwa kijiti, bila kunisalimu. Na kila nyumba ilibidi nisimame uani nipige hodi kwa sauti, kwa sababu muuguzi alikuwa akishika mizigo. Nyumba ya kwanza sauti yangu haikufika mlangoni. Nyumba ya tano ilifika. Kufikia siku ya mwisho kuna bibi mmoja alitoka akasema, "Punguza, baba, mama mjamzito yumo humu, siyo ng'ombe." Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini.

Hedi ilichongwa. Fundi Mrisho hakuuliza kama nimesema, alinitazama tu usoni akaipokea. Koki ilikuwa ngumu zaidi. Mtu wa mashine alichonga mwili mpya kutoka kwenye kipande cha shaba cha pampu iliyokufa, mimi nikachonga kizibo kwa tupa na dawa ya meno, siku mbili nzima. Nilikaza nati mpaka ikashika. Nikasimama. Nikaweka spana chini kabisa, mbali na mkono wangu.

Tulipoliwasha, Baba Kulwa akaja mwenyewe. Akasema, "Nionyeshe." Akaweka kiganja kwenye mpira wa kwanza, akaweka kwenye wa pili, akasubiri. Ikawa ya moto yote miwili. Akaingia ndani akavuta kishikio, akafunga koki, akasubiri tena mpaka mmoja ukapoa. Hakusema wabeja, ile asante yetu, wala nini. Lakini kuanzia siku hiyo hakuondoka na gari kwangu bila kugusa mipira kwanza, na nilipoona anafanya hivyo niliamua kila mwenye gari afanye.

Ndiyo sababu ya ile desturi ya banda letu ambayo ninyi mliikuta na mkailalamikia. Kabla ya funguo, mwenye gari anakuja mbele, boneti iko wazi, na fundi aliyefanya kazi anasema kwa mdomo wake alichofanya, alichovunja na alichokiacha. Kisha mteja anagusa. Najua inachukua muda. Najua kuna mama mmoja wa dukani anayekataa kugusa kwa sababu ya kucha zake, na huyo mshikieni kitambaa. Najua kuna wateja walituhama wakaenda kwa mafundi wanaosema "tayari" wakamaliza. Waende. Nilisema neno hilo moja mara moja, na nimewaeleza lilifika wapi.

Baba Kulwa alinisalimu tena msimu wa mvua ulipoanza. Alikuja na kioo cha mbele kimejaa ukungu, akavuta kishikio cha hita, kioo kikasafika mbele ya macho yangu, akasema, "Ngosha, kumbe hita ni ya mvua. Umesema maneno mangapi leo?" Nikamwambia mengi, siwezi kuhesabu. Aliendesha gari lile mpaka Mama Neema alipostaafu mara ya pili.

Miaka ya karibuni, kama mjuavyo, yamerudi magari ya kizamani, lakini kwa watu wengine. Wanatoka Mwanza, wanatoka Dar, wamevaa miwani, na gari wanalitunza kama ng'ombe wa mahari. Wanataka kila kitu kiwe cha asili, na koki ya hita iwe inafunguka na kufunga hata kama hawataiwasha milele. Wafanyieni kazi hiyo bila kuwacheka. Macho yangu hayaoni tena mikwaruzo kwenye kizibo na vidole vimeanza kukataa skrubu ndogo, ndiyo maana nimekaa nyumbani. Mafunzo ya koki nimewaandikia huko juu, mnaweza kuyakata mkayabandika ukutani.

Ninachoomba ni mniandikie. Msiniandikie kunishukuru, hilo mlishafanya siku ya kuniaga na soda zilitosha. Kila fundi ana gari moja. Mnalijua. Lile mlilolifunga boneti mkijua kuna kitu ndani ambacho mwenyewe hajui, na bado mnaliona likipita barabarani. Niandikieni ni gari gani, mlifanya nini, na siku ile ilikuwaje. Hata kwa mwandiko mbaya kama wangu, nitausoma polepole. Ila kama mwenye gari bado hajaambiwa, anzeni na yeye. Mimi nitasubiri.